Dawa iliyofeli mtihani 1953 ikaendelea na kazi

Najua wengi mnaopita hapa mnategemea stori za bumu kuchelewa na foleni ya kafteria, lakini leo nawaletea historia. Tena historia ya vidonge. Msikimbie kwanza.

Chanzo chake ni semina. Sisi wa ualimu tulipewa mada ya wanawake na elimu, mimi nikaangukia sheria ya Marekani ya 1972 inayojulikana kama Title IX, ile iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata pesa za serikali kuu. Mmoja wa waliopigania ile sheria ni Patsy Mink, mbunge kutoka Hawaii, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kuchaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwaka 1964. Sasa nikiwa napitia maisha yake, nakutana na kasentensi kamoja tu kwamba mwaka 1977 alikishtaki Chuo Kikuu cha Chicago, chuo alichosomea sheria yeye mwenyewe. Kisa? Dawa aliyopewa akiwa mjamzito. Semina ilishapita na maksi zimeshatoka, lakini hiyo sentensi haijaniacha mpaka leo.

Dawa yenyewe kwa kifupi inaitwa DES. (Msije mkaanza utani wa desa. Au anzeni tu, maana mbele huko desa litaingia kweli.) Jina refu ni diethylstilbestrol, na ni homoni ya kutengenezwa maabara. Kwa tuliokimbia baiolojia baada ya kidato cha nne: homoni ni kama ujumbe ambao tezi moja inautuma kwa njia ya damu ili kiungo kingine kifanye kazi fulani. Kule ujumbe unakofika kuna kitu kama kufuli, na homoni ndiyo ufunguo. Watafiti wakigundua umbo la ufunguo wanaweza kuchonga mwingine, kama yule fundi wa kando ya stendi anavyokuchongea wa chumba chako. Ufunguo wa kuchonga unafungua. Swali ni kama hautaharibu kitasa.

Homoni za kike zinazoitwa estrojeni zilianza kupatikana zikiwa safi mwaka 1929, pale Edward Doisy wa Marekani na Adolf Butenandt wa Ujerumani, kila mtu kivyake, walipofanikiwa kuitoa mojawapo kwenye mkojo wa wajawazito. Ndiyo, mkojo. Ilikuwa kazi ya lita nyingi kwa vipunje vichache, kwa hiyo bei ilikuwa juu. Halafu zile homoni za asili ukizimeza nyingi zinavunjwa na ini kabla hazijafanya kazi, ikabidi watu wachomwe sindano. Kila aliyekuwa kwenye fani hii alikuwa anatafuta kitu cha bei nafuu kinachomezeka.

Aliyekipata ni Charles Dodds wa Hospitali ya Middlesex, London, akishirikiana na wanakemia wa Oxford chini ya Robert Robinson. Walitangaza mwaka 1938. Kilichoshangaza ni kwamba DES haifanani kabisa na estrojeni ya asili ukiichora kwenye karatasi ya kemia. Haina hata zile pete nne za steroidi. Lakini kwenye kufuli inaingia, inazungusha, inafungua, na unaimeza kama kidonge cha malaria. Na kwa sababu utafiti ule uligharimiwa na pesa za umma za Uingereza kupitia Baraza la Utafiti wa Tiba, Dodds hakuisajili iwe mali yake. Aliiachia dunia bure. Hilo jambo zuri naomba mliweke akilini, maana lina mwisho wa ajabu.

Kabla hatujaondoka mwaka 1938, kuna mambo mawili mengine ya mwaka huohuo. Dodds mwenyewe na wenzake Parkes na Noble waliandika kwamba estrojeni za namna hii za kumeza wakiwapa wanyama wa maabara mwanzoni mwa mimba, mimba inakatika. Na kule Paris, Antoine Lacassagne alionyesha kwamba panya dume waliopewa DES walipata saratani ya matiti. Panya dume, jamani. Kwa hiyo mtu asiseme baadaye kwamba hakukuwa na dalili yoyote.

Mwaka 1941 serikali ya Marekani iliruhusu DES itumike kwa wanawake waliofikia ukomo wa hedhi na kukausha maziwa kwa waliojifungua, pamoja na shida nyingine mbili tatu. Mwaka huohuo Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba estrojeni zinaweza kuirudisha nyuma saratani ya tezi dume, jambo lililokuja kumpatia Nobel mwaka 1966. Nalitaja hili ili tusiionee dawa. Kuna wazee wengi waliopata nafuu kwa sababu ya DES. Tatizo lilianza ilipopelekwa kwa wajawazito.

Waliopeleka huko ni mke na mume, Olive na George Smith, wote wa Harvard. Olive alikuwa mtaalamu wa biokemia, George daktari wa akina mama. Kwa miaka mingi walikuwa wanapima homoni za wajawazito, wakaona kwamba kabla mimba haijaharibika homoni fulani zinashuka. Wakajenga hoja kwamba ukimpa mama DES, kondo la nyuma litachochewa litengeneze homoni zaidi na mimba itashika. Hoja ina mantiki ukiisikiliza. Shida ni kwamba homoni kushuka kunaweza kuwa dalili kwamba mimba inakufa, na siyo kinachoiua. Ukiona kuku wamenyamaza bandani usiku, siyo kunyamaza kwao kulikomleta mwizi.

Dozi yao ilianzia miligramu 5 kwa siku karibu na wiki ya saba, ikapanda kidogo kidogo mpaka miligramu 125 kwa siku mimba inapofika wiki ya 35. Mwaka 1947 serikali ikakubali itumike kwa wajawazito. Mwaka 1948 Olive Smith akatoa ripoti ya mimba 632 zilizotibiwa na madaktari 117 katika miji na vitongoji 48 vya Marekani, na matokeo yalionekana mazuri sana.

Hapa ndipo mwanafunzi wa ualimu anapokaa sawa kwenye kiti. Chukua mwalimu wa twisheni anayejisifu kwamba wanafunzi wake 30 wamefaulu wote. Swali la kwanza la kumuuliza ni: na wale ambao hawakuja kwako wamefauluje? Inawezekana wanaokuja twisheni ndio wale ambao wazazi wao wanafuatilia, wana vitabu, wana taa nyumbani. Akina mama wa Smith walikuwa wanapewa dawa, wanafuatiliwa kwa karibu, wanapewa matumaini, wanaambiwa wapumzike. Wengi waliowahi kuharibikiwa mimba wangejifungua salama safari nyingine hata bila kidonge. Bila kundi la kulinganishia la wajawazito wa wakati uleule, wanaohudumiwa vilevile isipokuwa dawa tu, huwezi kujua sifa ni ya nani.

Aliyeamua kulinganisha kweli ni William Dieckmann, daktari wa wajawazito katika hospitali ya uzazi ya Chuo Kikuu cha Chicago iitwayo Lying-In. Kati ya 1950 na 1952 wajawazito waliofika kliniki yake waligawanywa makundi mawili. Wanawake 840 walipewa DES, na 806 wakapewa vidonge vya kufanana kwa kila kitu ila havina dawa ndani. Mama hajui anameza nini, na daktari anayemhudumia naye hajui. Kwa miaka ile huo ulikuwa utafiti wa hali ya juu. Majibu yalichapishwa mwaka 1953: DES haizuii mimba kuharibika, haizuii mtoto kuzaliwa njiti, na haimfanyi mtoto awe mkubwa. Kwa kifupi, ilifeli masomo yote. Na wataalamu wengine waliporudia hesabu za takwimu hizohizo mwaka 1978, walikuta hali mbaya zaidi, kwamba waliopewa DES ndio walioharibikiwa mimba na kuzaa njiti kwa wingi zaidi. Takwimu hizo zilikuwa mezani tangu 1953.

Mimi nilidhani stori ingeishia hapo. Kidonge kimepimwa, kimeshindwa, kitupwe. Badala yake, vitabu vya udaktari vikaanza kuandika kwamba hakifai, matumizi yakapungua kiasi, lakini madaktari wengi wakaendelea kukiandika kwa miaka 18 zaidi. Mwaka 1957 kampuni moja ilitoa tangazo kwenye jarida la madaktari wa akina mama, lenye picha ya mtoto mnene anayependeza, likishauri dawa yenye DES itumike kwa mimba zote, siyo zile zenye matatizo tu, ili watoto wazaliwe wakubwa na wenye nguvu. Hiyo ni miaka minne baada ya Dieckmann.

Kwa nini? Hapa naweka maoni yangu, mnaweza kunipinga. Sidhani kwamba wale madaktari wote walikuwa wanajua ukweli wakaukalia. Nadhani walidesa. Sote hapa tunajua desa linavyokwenda: mtu mmoja mwaka juzi aliandika notsi, zikapita mkono hadi mkono, na kufikia wewe hakuna tena anayekumbuka kitabu kinasema nini, ila kwa kuwa kila mtu analo, linaonekana sahihi. Daktari anamwandikia mgonjwa kwa sababu mwalimu wake aliandika hivyo. Halafu mbele yake amekaa mama aliyepoteza mimba tatu, analia, anataka kitu. Kumwambia "hatuna dawa" kunahitaji moyo mgumu. Kidonge kinamtuliza mama, na kinamtuliza daktari pia. Ukichanganya na kampuni zinazouza, hapo hakuna wa kusimama katikati ya barabara kusema basi.

Aliyekuja kusimama ni mama mmoja, na wala hakuwa mtaalamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari wa Boston walianza kupata wasichana wa kati ya miaka 15 na 22 wenye saratani ya uke ya aina iliyokuwa haijulikani kabisa kwa umri huo. Ni ugonjwa ambao ungeonekana, kwa nadra sana, kwa bibi kizee. Mmoja, wawili, mpaka wakafika saba, wote kwenye mji uleule. Madaktari walifikiria kila kitu wasipate jibu. Ndipo mama wa mmoja wa wale wasichana akamuuliza daktari Howard Ulfelder kama inaweza kuwa ile dawa aliyomeza alipokuwa na mimba ya binti huyo. Ulfelder hakutilia maanani. Alipompata mgonjwa mwingine akamuuliza mama yake vilevile, na huyo naye alikuwa ameimeza.

Hapo ndipo Arthur Herbst, Ulfelder na mwenzao David Poskanzer wakafanya hesabu sawasawa. Walichukua wasichana 8 wenye ugonjwa. Kwa kila mmoja wakatafuta wengine wanne waliozaliwa hospitali ileile siku zilezile, jumla 32. Wakawauliza akina mama wote kuhusu sigara, maradhi, eksirei, dawa na kila kitu. Kati ya mama wa wale 8, saba walikuwa wamemeza DES. Kati ya mama wa wale 32, hakuna hata mmoja. Ilichapishwa Aprili 1971. Mara nyingi kwenye kozi ya takwimu tunaambiwa watu wanane ni wachache mno, na ni kweli, lakini saba kwa sifuri haihitaji kikokotoo. Serikali ya Marekani ilichukua mpaka Novemba mwaka huo kuwaambia madaktari wasiwape wajawazito. Nchi nyingine zilichelewa zaidi. Ufaransa ilifika 1977.

Inakadiriwa kwamba kwa Marekani peke yake, akina mama waliomeza na watoto waliokuwa tumboni ni kati ya milioni 5 na milioni 10. Kwa bahati saratani yenyewe ilimpata takriban binti mmoja kati ya 1,000. Lakini wengine wengi walikuja kugundua ukubwani kwamba mji wao wa mimba una umbo la herufi T, hawashiki mimba kwa urahisi, au mimba inatunga nje ya mji, au wanazaa njiti. Na watoto wa kiume nao walionekana na uvimbe kwenye mishipa ya korodani. Dawa iliyotolewa ili akina mama wazae iliwanyima wajukuu baadhi yao.

Sasa turudi kwa Patsy Mink, maana sikumsahau. Alisoma zuolojia na kemia Chuo Kikuu cha Hawaii, akamaliza 1948, na ndoto yake ilikuwa udaktari. Aliomba vyuo vya udaktari kimoja baada ya kingine, vyote vikamkataa. Siku hizo mwanamke kuingia huko ilikuwa kazi kwelikweli. Akabadili, akasoma sheria Chicago. Alipopata ujauzito mwaka 1951 alikwenda Lying-In, na binti yake Gwendolyn akazaliwa Machi 1952. Angalieni hiyo miaka na mtazame tena miaka ya Dieckmann. Patsy alikuwa mmoja wa wale wanawake wa utafiti, na hakujua. Hakuna aliyemwomba ridhaa. Alijua baada ya miaka 24, barua ya chuo ilipomfikia mwaka 1976.

Na hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Utafiti wa Dieckmann ndio uliosema ukweli. Ungesikilizwa, maelfu ya mabinti wangepona. Kwenye darasa la mbinu za utafiti ningeutumia kama mfano bora: makundi mawili, vidonge vya kufanana, hakuna anayejua. Lakini wale wanawake waliambiwa tu kwamba vidonge ni vya kuwasaidia. Wakati huohuo, tangu 1947, majaji wa Nuremberg walishaandika kwamba mtu asifanyiwe jaribio bila ridhaa yake, na Wamarekani haohao ndio waliokuwa wanaendesha ile kesi dhidi ya madaktari wa Hitler. Nimesoma watetezi wanaosema enzi zile ndivyo ilivyokuwa. Sikubali. Kumwambia mama "tunajaribu kujua kama hiki kidonge kinasaidia, unakubali?" kusingeharibu hesabu hata kidogo.

Mink na wenzake wawili walifungua kesi kwa niaba ya wanawake wapatao 1,000. Mwaka 1978 jaji akaamua jambo ambalo wanasheria wa kule Marekani wanalisoma mpaka leo: kumpa mtu dawa bila yeye kujua anapewa dawa gani kunaweza kuhesabiwa ni kumgusa mwili wake bila ridhaa, hata kama hukumpiga. Hiyo sehemu ya kesi ikaruhusiwa kuendelea. Ile ya kuidai kampuni fidia ikatupwa, kwa sababu akina mama wenyewe hawakuwa wamedai kwamba miili yao iliumia. Walioathirika ni watoto.

Na mabinti wakaenda mahakamani wao wenyewe, na hapo ndipo ule wema wa Dodds unapojitokeza kwa sura nyingine. Kwa kuwa dawa haikuwa na mwenyewe, kampuni karibu 200 ziliwahi kuitengeneza. Binti anaugua akiwa na miaka 20. Mama hakumbuki kidonge kilikuwa cha kampuni gani, duka la dawa limeshafungwa, daktari ameshakufa, faili halipo. Kisheria, kama huwezi kumtaja aliyekuumiza, huna kesi. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya California, katika kesi ya Judith Sindell dhidi ya Abbott, ikasema kampuni zitalipa kulingana na sehemu ya soko kila moja iliyokuwa inashika, labda kampuni ithibitishe kwamba kidonge kile hakikuwa chake. Wenzetu wa kitivo cha sheria watanisahihisha kama nimeeleza kienyeji mno, lakini kwa akili yangu ya kialimu naona ni kama kuadhibu bweni zima, ila safari hii bweni zima lilikuwa limekula kweli.

Wale mabinti na wavulana wa miaka ya 1947 hadi 1971 sasa wana miaka zaidi ya 50, wengine zaidi ya 70, na watafiti wa serikali ya Marekani wamekuwa wakiwafuatilia kwa miongo kadhaa, wao na watoto wao. Patsy Mink alifariki Septemba 2002, na mwaka huohuo Title IX ikapewa jina lake. Gwendolyn akawa mwanazuoni wa siasa. Mwaka 2022 yeye na mwanahistoria Judy Tzu-Chun Wu walitoa kitabu cha maisha ya mama yake. Mwenye kukipata aniazime, nitarudisha.